Vidonge vya kuongeza damu ni dawa, sio vya kumeza kiholela

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hivi vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, maana kazi yangu ni kutoa dawa dirishani na sijaona dawa watu wanaichukulia poa kama hii. Mtu anakuja, anafungua simu anakuonyesha picha ya pakiti aliyotumiwa na dada yake, anasema nipe kama hizi hizi. Ukimuuliza umepima? anakwambia nasikia kizunguzungu, nikipanda ngazi moyo unaenda mbio, kwa hiyo damu imepungua tu. Inawezekana kweli imepungua, lakini uchovu na kizunguzungu vina sababu nyingi mno, na hata damu ikiwa imepungua sio lazima iwe ni kwa kukosa madini ya chuma, kuna upungufu wa folik asidi, kuna wa vitamini B12, kuna wa ugonjwa wa figo, kuna wa malaria, kuna selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi. Mwenye thalasemia au mtu anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza akawa na chuma kingi tayari, na mwili wa binadamu hauna njia yake ya kukitoa kile kilichozidi, kinajikusanya kwenye ini, moyo na kongosho na kuviharibu pole pole. Mtu kama huyo ukimpa pakiti ya kwenye picha umemuumiza.

Kwa hiyo kwanza ni maabara. Shirika la Afya Duniani linahesabu mtu mzima ana upungufu wa damu pale wekundu wa damu, yaani himoglobini, unapokuwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, na chini ya 11 kwa mjamzito (baadaye kidogo mimba ikiwa katikati kiwango hiki kinashuka kidogo). Ikiwezekana apimwe na feritini pia, hicho ndo kinaonyesha akiba ya chuma, kwa mtu mzima mwenye afya chini ya mikrogramu 15 kwa lita akiba imeisha, ila daktari anajua kwamba mgonjwa akiwa na maambukizi feritini inapanda yenyewe, unaweza kuona namba nzuri kumbe akiba hakuna.

Halafu kuna swali ambalo naliona linarukwa kuliko yote: hiyo damu inaenda wapi? Kwa wanawake wengi jibu ni hedhi nzito, na jamani hedhi inayokufanya ubadilishe pedi kila baada ya saa moja au mbili sio ya kuvumilia tu kisa mama na shangazi nao walikuwa hivyo hivyo, inatibika. Kuna minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, kuna vidonda vya tumbo, kuna wanaomeza aspirini au dawa za maumivu kila siku mpaka tumbo linavuja damu bila wao kuona kitu. Mwanaume, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma anatakiwa achunguzwe tumbo na utumbo, kwa sababu saratani ya utumbo mpana wakati mwingine dalili yake ya kwanza ni hiyo hiyo damu kupungua, na ukimeza vidonge wekundu ukapanda kidogo unaridhika, huku ugonjwa unaendelea.

Sasa tuseme umepima na ni chuma kweli. Namba kubwa kwenye pakiti sio kiasi cha chuma chenyewe. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma kama miligramu 65, cha feras glukoneti cha miligramu 300 kina kama 35 tu, ndo maana kubadilisha aina bila kuuliza kunaweza kukupunguzia au kukuongezea dozi bila kujua. Na wale wanaomeza asubuhi, mchana na jioni wakidhani watapona haraka wajue kwamba ukimeza chuma ini linatoa homoni inaitwa hepsidini, inazuia utumbo usipokee chuma kingine kwa muda wa karibu siku nzima, kwa hiyo hicho cha mchana na cha jioni sehemu kubwa inabaki tumboni kukusumbua. Siku hizi madaktari wengi wanaandika mara moja kwa siku, au siku moja unameza siku moja unaruka, hasa kwa mtu ambaye tumbo lake halivumilii. Ila mjamzito asijipangie, afuate alichoambiwa kliniki.

Chuma kinaingia vizuri tumbo likiwa tupu, na maji au juisi ya chungwa, lakini kama kinakutia kichefuchefu kula kidogo, ni afadhali kiingie kidogo kuliko uache kabisa. Chai na kahawa ndo adui mkubwa, na maziwa, na dawa za kiungulia, na vidonge vya kalsiamu, viachanishe na chuma angalau saa 2. Ukiwa unatumia dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, iachanishe saa 4, na kama umeandikiwa doksisaiklini au siprofloksasini mwambie anayekupa dawa kwamba unameza chuma, maana vikikutana tumboni hiyo antibaiotiki inashindwa kufanya kazi.

Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni chuma kilichobaki. Cha kuogopa ni choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, au chenye damu, hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Choo kigumu na tumbo kuuma vinawapata wengi, na ndo vinavyowafanya waache kimya kimya, halafu anarudi kliniki anasema nilimeza zote. Tafadhali mwambie daktari ukweli, kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha aina, kuna chuma cha kuwekewa kwenye mshipa kwa ambaye vidonge vimemshinda.

Wengine wengi wanaharibikiwa kwa kujisikia nafuu. Wiki chache tu nguvu zinarudi, na dozi ikifanya kazi wekundu unapanda kama gramu 2 ndani ya wiki 3 au 4 (usipopanda rudi, huenda chuma hakiingii, au damu bado inavuja, au ugonjwa ni mwingine), basi mtu anaona kapona anaacha. Wekundu ukishafika kawaida bado ghala ni tupu, unatakiwa uendelee kama miezi 3 hivi kulijaza, la sivyo damu inashuka tena na unaanza upya na pakiti mpya.

La mwisho Mhariri, na hili naomba lisikatwe hata kama barua ni ndefu. Vidonge vingi vya chuma vina rangi nyekundu na sukari juu, mtoto akiviona anajua ni pipi. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge 4 vya miligramu 65 za chuma anaweza kupata sumu, akimeza 10 anaweza kufa. Anaanza na kutapika na kuharisha, pengine na damu, halafu baada ya saa kadhaa anatulia mzazi anadhani yamepita, kumbe sumu iko ndani inashambulia ini na moyo. Mkaa wa kunyonya sumu haushiki chuma, na usimtapishe, mkimbize hospitali na pakiti mkononi ili wahesabu vilivyopungua, ipo dawa ya kukitoa chuma kwenye damu lakini inataka uwahi. Vidonge vikae juu, kwenye kabati linalofungwa, sio kwenye mkoba wa mama uliotupwa kitandani. Na watoto wenyewe wakiandikiwa chuma wapewe dozi ya uzito wao, na wanaoishi kwenye malaria wapewe pamoja na kinga na matibabu ya malaria, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza.

Ombi langu kwenu ni kwamba mkiandika tena kwenye ukurasa wa afya kuhusu kuongeza damu, muweke na kiasi cha chuma kwenye kidonge, na onyo la watoto, kwa herufi zinazoonekana.

Msomaji wenu, mtoa dawa