Akina mama wa filamu za zamani na mtoto asiyeulizwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu filamu za zamani za akina mama wanaojitoa mhanga kwa ajili ya watoto wao, ambazo kila zinapotajwa husifiwa kuwa ni funzo la mapenzi ya mzazi. Nimezitazama kwa miaka mingi na zimeniliza kama zilivyowaliza wengine, lakini sifa hiyo naiona ina kasoro, kwa kuwa mara nyingi mama huamua peke yake, kwa siri, na mtoto haulizwi.

Inayonisumbua kuliko zote ni Stella Dallas ya mwaka 1937, iliyoongozwa na King Vidor. Stella, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, ni mwanamke wa tabaka la chini anayejipamba kupita kiasi, na usiku mmoja ndani ya treni anawasikia vijana wakimcheka kuwa anamwaibisha binti yake. Binti huyo, Laurel, naye amesikia. Anatoka taratibu kitandani mwake, anakwenda kujilaza ubavuni kwa mama, na mama anajifanya amelala ili mtoto asijue kuwa maneno yale yamemfikia. Kila mmoja anamfichia mwenzake maumivu, na binti, bila kusema neno, amekwisha kuonyesha anamtaka nani.

Stella hakulipokea jibu hilo. Alimwendea mwanamke ambaye baba wa mtoto alitaka kumwoa, akamwomba amchukue Laurel. Na binti alipogundua na kurudi nyumbani, mama alijisingizia kuwa amemchoka na kwamba anataka kuolewa na mlevi mmoja, hadi mtoto akaondoka akiamini kuwa hatakiwi. Mwisho tunamwona Stella amesimama barabarani kwenye mvua, akiitazama ndoa ya mwanawe kupitia dirisha ambalo mama wa kambo, kwa huruma yake, ameagiza lisifungwe mapazia. Askari anamtaka aondoke, naye anamsihi amwache kidogo tu. Kisha anatembea huku akitabasamu, nasi tunatakiwa tufurahi pamoja naye. Mimi humfikiria bibi arusi aliye ndani, asiyejua kuwa mama yake yuko hatua chache tu kutoka alipo.

Haki inanitaka niseme kwamba Imitation of Life ya Douglas Sirk, ya mwaka 1959, ni tofauti. Humo binti mwenyewe, Sarah Jane, mwenye ngozi nyeupe, ndiye anayemkana mama yake mweusi ili ahesabiwe kuwa mzungu katika Marekani ya ubaguzi, na Annie, aliyeigizwa na Juanita Moore, anakubali kujitambulisha mbele ya mgeni kuwa ni mlezi tu wa zamani. Lakini Sirk hakutuomba tushangilie. Alimleta Sarah Jane kwenye mazishi ya Annie, binti huyo akajitupa juu ya jeneza akilia na kumwomba msamaha mtu asiyeweza tena kumsikia, na lawama ikabaki kwa jamii iliyomfundisha mtoto kuionea haya ngozi ya mzazi wake.

Ombi langu kwa waandishi wako wa filamu ni kwamba watakapomsifu tena Stella wa dirishani, wamweleze msomaji pia habari za usiku ule wa treni, na za Laurel aliyehama kitanda chake.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi