Hata zizini tunaanza na dume

Mhariri,

Makala yenu iliyouliza kama siku moja binadamu ataweza kufungua na kufunga uzazi wake kwa kutaka tu imenigusa. Nilikuwa afisa mifugo hapa Kongwa mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa hiyohiyo: ng'ombe yupi azae, lini, na kwa mbegu ya dume gani.

Kwa nia peke yake haiwezekani, na sioni dalili kwamba itawezekana. Yai halipevuki mpaka sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo itoe homoni yake, homoni hiyo iamshe tezi ya pituitari, nayo tezi iamshe ovari. Pumzi unaweza kuibana kidogo ukitaka, yai halikusikilizi. Ila mwili wenyewe una hesabu zake. Aliyechunga huku kwetu au Bahi anajua kwamba ng'ombe aliyekonda mwezi wa kumi, mbavu zote nje, haji joto, yaani hawi tayari kupandwa, hata alale zizi moja na dume. Mvua zikinyesha, majani yakaota, akanenepa, ndipo unamsikia analia na kupanda wenzake. Wanariadha wa kike wanaokimbia kupita kiasi huku wanakula kidogo nao hukosa hedhi kwa sababu hiyohiyo. Na mama anayemnyonyesha mtoto usiku na mchana bila kumpa kitu kingine, ndani ya miezi sita ya kwanza na kabla hedhi haijarudi, ni nadra kushika mimba. Kwa hiyo uzazi unadhibitiwa tangu zamani, ila mwenye mwili haulizwi.

Kwa dawa ni habari nyingine. Jike aliye kwenye hatua inayofaa ukimchoma prostaglandini, dawa ya homoni, siku mbili hadi tano anakuja joto. Unatoa mrija wa mbegu kwenye mtungi wa naitrojeni, unamhimilisha, yaani unampandikiza mbegu bila dume. Kwa binadamu, kidonge cha kuzuia mimba kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960, na leo kuna sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi cha miaka mitatu au mitano, na kitanzi. Kwa anayetafuta mtoto, Louise Brown alizaliwa Uingereza mwaka 1978 kutokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili. Huduma hiyo bado ni ghali mno kwa mkulima wa uwele, lakini ipo.

Sasa angalia vizuizi nilivyotaja. Vyote vinaingia kwenye mwili wa mwanamke. Sisi wafugaji tukitaka mimba zisimame kundini hatuhangaiki na majike hamsini, tunamshika dume. Sijui nani alitushauri tugeuze utaratibu tulipofika kwa watu.

Wataalamu hawajalala kabisa. Mwaka 2016 zilitolewa taarifa za majaribio ya sindano ya homoni kwa wanaume. Ilizuia mimba vizuri, lakini majaribio yalikuwa yamesitishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara, yakiwemo huzuni na hasira. Wake zetu wanaumwa kichwa, wanatokwa damu bila mpangilio, wananenepa, na sindano zao zinaendelea kuchomwa. Mwaka huohuo ikasikika habari ya fundi seremala wa Berlin, Clemens Bimek, aliyebuni koki ndogo ya kuwekwa kwenye mirija ya mbegu. Mwanaume anaifunga na kuifungua mwenyewe kwa kidole, juu ya ngozi. Kwa swali la makala yenu, hilo ndilo jibu la karibu zaidi ninalolijua, na halikutoka kwa daktari.

Koki hiyo haijafika kwetu, lakini kufunga mirija ya mwanaume kupo, na kijiweni wanakukimbia kwa hofu ya kuwa maksai, yaani dume aliyehasiwa. Nimetengeneza maksai wengi, naomba nieleze. Koleo la Burdizo unalibana juu ya korodani, upande mmoja kwanza kisha wa pili, linaponda mishipa inayopeleka damu. Korodani ikikosa damu inasinyaa, na nguvu za dume zinaisha nayo. Kwa mwanaume daktari haigusi korodani wala mishipa yake ya damu. Anakata na kufunga mrija mwembamba unaopitisha mbegu, basi. Homoni zinaendelea kuingia kwenye damu, sauti ni ileile, hamu ni ileile. Anatakiwa kusubiri kama miezi mitatu na kupimwa, kwa kuwa mbegu za zamani bado ziko njiani. Kasoro yake ni kwamba kufungua tena ni kazi ngumu isiyo na uhakika, kwa hiyo ni ya mtu ambaye amemaliza kuzaa, si ya kijana.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, vijijini 5.5, mijini 3.6. Sisemi idadi hiyo ni kubwa wala ndogo, kila nyumba ina hesabu zake. Ninachosema ni kwamba mzigo wa kupanga amebebeshwa mmoja.

Wizara ya Afya iko hapahapa Dodoma, kule Mtumba, nauli ya mwandishi wenu haitakuwa kubwa. Akaulize ni vituo vingapi vya mkoa huu vyenye mtaalamu wa kumfunga mwanaume mirija, na ni wanaume wangapi walijitokeza mwaka jana. Mtuchapishie majibu kwa tarakimu.

Afisa mifugo mstaafu,
Kongwa, Dodoma