Bingwa wa kwanza aliyezaliwa Congo si yule mliyemtaja

Bwana Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala yenu kuhusu historia ya mabingwa wa mpira wa kikapu wa Marekani, na ninawashukuru kwa kuutengea mchezo huu kurasa mbili nzima, heshima ambayo kwa kawaida hupewa kandanda peke yake. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Goma, na jioni, masomo yakiisha, huwafundisha basketi watoto wa mtaa wetu wa Katindo, wavulana na wasichana, kwenye uwanja wa saruji iliyomwagwa juu ya mawe meusi ya volkano. Kwa hiyo gazeti lenu halikuishia mikononi mwangu. Lilifika uwanjani, likasomwa kwa sauti, likagombaniwa, na likanirudia likiwa limekunjwa mara nane na lina alama ya kiatu.

Sentensi iliyozua ubishi ni ile inayosema kwamba Jonathan Kuminga, alipotwaa ubingwa wa NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, pamoja na Golden State Warriors mwaka 2022, alikuwa mtoto wa kwanza wa Congo kuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani. Ningefurahi sana sentensi hiyo ingekuwa kweli. Kuminga ni mzaliwa wa mji huu. Alizaliwa Oktoba 2002, mwaka uleule ambao mwezi wa Januari lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na alikuwa na miaka 19 tu Warriors walipowashinda Boston Celtics kwa michezo 4 kwa 2. Sidhani kuna mkazi wa Goma anayetaka kumpunguzia kijana huyo sifa yake. Lakini wa kwanza siye, na wa pili pia siye.

Nianze na yule niliyemkumbuka mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Didier Ilunga-Mbenga, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1980 na kukimbilia Ubelgiji akiwa kijana, alikuwa katika kikosi cha Los Angeles Lakers kilichoshinda ubingwa mwaka 2009 dhidi ya Orlando Magic, na tena mwaka 2010 dhidi ya Boston Celtics katika fainali iliyokwenda hadi mchezo wa 7. Ana ubingwa mara mbili, basi, miaka 12 kabla ya 2022. Nilipowaambia vijana hayo, mmoja wao, mrefu kuliko wenzake na mbishi kuliko wote, aliniinulia kidole cha shahada akakitikisa mbele ya uso wangu, kulia na kushoto, na kusema: "Hapana, kocha. Huyo alikuwa mtu wa benchi." Ni kweli kwamba Mbenga alikuwa mchezaji wa akiba, na magazeti ya wakati ule yalimwandika Kobe Bryant, ambaye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali zote mbili. Lakini katika fainali ya 2022 Kuminga naye alipewa dakika chache mno, na kazi ilifanywa na Stephen Curry. Ukimhesabu mmoja kwa sababu jina lake limo katika orodha ya kikosi, huna budi kumhesabu na mwenzake. Wapo pia watakaosema kwamba Mbenga aliichezea timu ya taifa ya Ubelgiji. Hilo ni sawa, ila makala yenu ilizungumzia watoto wa Congo, haikuzungumzia jezi za mataifa.

Hapo nilidhani nimemaliza, na nilikuwa tayari kuwaandikia barua ya mistari kumi. Aliyenizuia ni msichana wa miaka 14 ambaye muda wote huo alikuwa ameketi juu ya mpira wetu, ule uliokwisha chubuka hadi ukawa laini kama parachichi. Aliomba gazeti, akaisoma sentensi ile taratibu, neno kwa neno, kisha akauliza: "Mwalimu, hapa wameandika mpira wa kulipwa nchini Marekani. Hawakuandika wa wanaume. Na wanawake je?"

Bwana Mhariri, nilinyamaza kwa aibu, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo tangu zamani na sikuwa nimelitoa. Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa mwaka 1976. Aliichezea timu ya wanawake ya Zaire katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na mwaka uliofuata, ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilipoanza msimu wake wa kwanza kabisa, alikuwa tayari amevaa jezi ya Los Angeles Sparks. Ubingwa wa misimu minne ya mwanzo ya ligi hiyo ulitwaliwa wote na Houston Comets. Waliokata mnyororo huo ni Sparks, mwaka 2001: walishinda michezo 28 na kupoteza 4 tu katika msimu wa kawaida, kisha wakawafunga Charlotte Sting katika fainali. Mwaka 2002 wakarudia, safari hii mbele ya New York Liberty. Nyota mkubwa wa timu ile alikuwa Lisa Leslie, hilo halina ubishi, lakini Mabika alikuwa wa kikosi cha kwanza, mfungaji aliyetegemewa, na alichaguliwa kucheza mchezo wa nyota wa ligi. Yeye hawezi kuambiwa kwamba alikuwa mtu wa benchi.

Sasa uangalie mwaka huo wa 2001, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mwandishi wenu angeweza kulijengea makala nzima. Mwezi wa Juni marehemu Dikembe Mutombo, mzaliwa mwingine wa Kinshasa, alifika fainali ya NBA akiwa na Philadelphia 76ers, mwaka aliochaguliwa kwa mara ya nne kuwa mlinzi bora wa ligi. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Los Angeles, timu yake iliushinda, Allen Iverson akifunga pointi 48. Lakers walikuwa hawajapoteza hata mchezo mmoja katika mechi zote za mtoano kabla ya huo. Halafu Shaquille O'Neal akaamka. Mutombo alimsukuma, akamwegemea, akapigwa viwiko kifuani usiku baada ya usiku, na Lakers wakashinda michezo minne mfululizo. Haikupita hata miezi mitatu, katika jiji lilelile, kwenye ukumbi uleule ambao Sparks walikuwa wamehamia mwaka huo, Mkongo mwingine akatawazwa bingwa. Sisi huku tulisikia habari za Juni na tukazihuzunikia. Habari za wanawake sikumbuki kuzisikia redioni, na nilikuwa mtu wa kusikiliza redio.

Labda mtasema kwamba WNBA ni kitabu kingine na kwamba makala yenu ilihusu NBA. Basi ingeandikwa hivyo. Hata ndani ya NBA yenyewe, vitabu vya sifa vimefunguliwa kwa nyakati tofauti, na asiyeangalia tarehe atadanganyika. Bill Russell wa Boston alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, kati ya 1957 na 1969, mara nane kati ya hizo zikiwa mfululizo. Hata hivyo hakuwahi kupewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, kwa sababu tuzo hiyo ilianza mwaka 1969, ambao ndio mwaka wake wa mwisho uwanjani, na mwaka huo ikaenda kwa Jerry West wa Lakers, timu iliyoshindwa. Leo tuzo hiyo ina jina la Russell, tangu 2009. Mtu akihesabu tuzo tu, atamkuta Russell ana sifuri.

Kuna jambo jingine katika makala yenu ambalo siwezi kulipita, nalo linamhusu tena Mutombo. Mmempa mistari miwili tu, mkieleza kwamba "hakushinda kitu". Hakutwaa ubingwa, ni kweli. Alipoteza fainali ya 2001 na ile ya 2003 akiwa na New Jersey Nets. Lakini kama kipimo cha ukubwa ni idadi ya pete wanazopewa mabingwa, basi Robert Horry, mwenye ubingwa mara 7 na timu tatu tofauti, ni mkubwa kuliko Michael Jordan mwenye 6, na Horry mwenyewe angecheka akisikia hivyo. Mutombo alizuia mitupo 3,289 katika maisha yake ya NBA, akizidiwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Mwaka 1994 Denver Nuggets yake, iliyoingia hatua ya mtoano katika nafasi ya nane, iliwatoa Seattle SuperSonics walioshika nafasi ya kwanza, na katika michezo hiyo mitano alizuia mitupo 31. Mwisho wa mchezo wa tano alilala chali chini ya kikapu, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, akicheka kama mtoto aliyerudishiwa kitu alichonyang'anywa. Na kile kidole nilichotikisiwa na kijana wa Katindo ni cha nani? Ni cha Mutombo, aliyekuwa akikitikisa kila alipozuia mtupo. Kijana yule hakujua. Alikuwa amekiona kwa kaka yake.

Nikiwa hapo hapo, niongeze kwa ufupi kwamba Serge Ibaka, bingwa wa 2019 na Toronto Raptors, ni mzaliwa wa Brazzaville, ingawa mama yake alikuwa wa upande wetu wa mto, kwa hiyo mlifanya vyema kutomweka katika hesabu ya Congo yetu. Bismack Biyombo, ambaye ninyi mmemwita "wa Kinshasa", ni mzaliwa wa Lubumbashi, na wasomaji wenu wa huko bila shaka wamekwisha kuwaandikia kwa hasira. Yeye bado hajapata ubingwa, ila mwaka 2016 alikusanya mipira 26 iliyorudi kutoka ubaoni katika mchezo mmoja wa Toronto dhidi ya Cleveland, kwenye fainali ya upande wa Mashariki, na mwaka 2022 alitoa mshahara wake wa Phoenix ili ijengwe hospitali nchini kwetu kwa kumbukumbu ya baba yake. Mutombo alikuwa amemtangulia katika njia hiyo, kwa hospitali ya Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie.

Kosa dogo la mwisho: ubingwa 17 wa Lakers haukupatikana wote Los Angeles. Ule wa mara tano za kwanza, kati ya 1949 na 1954, ulipatikana Minneapolis, katika jimbo lenye maziwa mengi, na ndiko lilikotoka jina hilo, ambalo maana yake ni watu wa maziwa. Watoto wangu, waliozaliwa wakilitazama Ziwa Kivu, wameamua kwamba jina hilo linatufaa sisi zaidi, na sikupata hoja ya kuwapinga.

Ninaomba basi, Bwana Mhariri, mchapishe sahihisho, na mliweke mahali ambapo msomaji ataliona, si chini ya matangazo ya vifo na viwanja vinavyouzwa. Orodha iwe hivi: Mwadi Mabika, 2001 na 2002, Didier Ilunga-Mbenga, 2009 na 2010, Jonathan Kuminga, 2022. Mkiwa na picha ya Mabika, itangulie maandishi. Msichana niliyemtaja ameniagiza ninunue nakala mbili: moja ataibandika kwenye nguzo ya kikapu chetu, na nyingine, amesema, ni ya yule kijana wa kidole.

Wenu mtiifu,
Mwalimu na kocha wa watoto, Katindo, Goma