Risala ya Kamati ya Kituo cha Afya kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, wazee wetu, kina mama wa kliniki, mwakeye! Kwanza pole na barabara, tunajua ilivyo, wagonjwa wetu wanaipita kila siku.

Historia yetu sio ndefu na muda wako ni mdogo, tulianza zahanati ya vyumba viwili, sa hivi ni kituo cha afya, tunazalisha, tunalaza, basi. Upande wa usalama tumepiga hatua kubwa sana, mtungi wa kuzimia moto upo ukutani na watumishi wote wanajua kuutumia (zoezi tulifanya mara moja ila lilifana), stoo ya dawa ina kufuli mbili na funguo zinakaa kwa watu wawili tofauti, taka tunazitenga tangu wodini, na sindano zinaingia kwenye boksi lake, likifika robo tatu linafungwa. Hapo wakaguzi wenyewe walitusifia.

Wakauliza, haya maboksi yanaenda wapi?

Mheshimiwa, yanaenda shimoni nyuma ya wodi ya wazazi, tunamwagia mafuta ya taa tunawasha. Plastiki inayeyuka, sindano zinabaki nzima, na upepo wa ziwani ukigeuka moshi wote unamwingilia mama aliyejifungua usiku. Masika shimo linajaa maji, vitu vinaelea. Watoto wameshaokota mabomba ya sindano wakachezea kurushiana maji, na dada yetu wa usafi sindano ilipita kandambili ikamchoma mguu, ikabidi aanzishiwe dawa za kinga ya VVU ndani ya zile saa 72, kazimeza siku 28, na homa ya ini bado inamnyima usingizi. Mungu mkubwa, majibu ya VVU yalikuja mazuri. Gambuti tulimnunulia sisi kamati, kwa kuchangishana.

Ombi letu ni moja tu, kichomea taka cha matofali ya moto, kinachopita nyuzi joto 800, na bomba refu la moshi, shimo la majivu na uzio wenye mlango wa kufunga. Sio ombi geni. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi, wa pili akaja kuweka jiwe la msingi, tukampikia, tukampigia makofi, na jiwe lipo mpaka leo limeandikwa vizuri, msingi wenyewe ndo hatujauona. Mbuzi wanafungwa hapo. Hatusemi kwa ubaya mheshimiwa, majukumu ni mengi tunaelewa, ila safari hii hatukuandaa jiwe.

Mchanga na kokoto wananchi wameshasomba, utaviona ukienda chooni. Kinachotushinda ni saruji, hayo matofali ya moto na hela ya fundi. Makadirio yamo kwenye bahasha uliyopewa, tafadhali usiichanganye na ratiba. Na kabla mgebuka haujaletwa mezani tunaomba uzunguke nyuma kidogo ukalione shimo, ni hatua kama hamsini, gambuti tumekuwekea mlangoni.

Naomba kuwasilisha.