Tuliotoka gerezani tushiriki kuandaa maswali ya utafiti

Mhariri,

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, yaani polisi, mahakama, magereza na nyinginezo, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo akakabidhiwa ripoti. Sina ugomvi na kazi ile; mengi niliyokuwa nikiyalalamikia siku nyingi yalijadiliwa. Ila katika orodha ya wajumbe nilikuta mabalozi, wakuu wa polisi wastaafu, wanasheria na watendaji wa serikali. Aliyetambulishwa kuwa amewahi kufungwa sikumwona. Sisi, kama kawaida, tulibaki watoa maoni.

Naandika nikiwa msaidizi wa kisheria ambaye aliwahi kukaa mahabusu mpaka kesi ikaondolewa mahakamani. Nilipokuwa ndani walikuja watafiti. Nyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, akachagua wa kuhojiwa, askari akakaa umbali wa kusikia kila neno, kisha likaja swali: umewahi kunyanyaswa? Tukajibu hapana, mmoja baada ya mwingine. Nani atasema ndiyo na jioni anarudi selo ileile? Naamini majibu yetu yaliingia kwenye jedwali safi kabisa.

Aliyewahi kulala humo angeuliza mengine. Mgeni hulala wapi usiku wa kwanza? Nani anagawa nafasi, na kwa malipo gani? Jina lako likirukwa kwenye orodha ya kwenda mahakamani, unamwambia nani? Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Karandinga likiharibika au likikosa mafuta, mshtakiwa hafiki, hakimu anaahirisha, na kwenye jalada linabaki ahirisho tu. Mtafiti anayesoma majalada atahesabu maahirisho na huenda akalaumu mahakama au upelelezi. Waliokuwa wamepanga mstari getini tangu alfajiri wakisubiri gari wanaijua sababu, lakini hawakuulizwa. Na kwa upande wa wanawake, hasa waliofungwa na watoto wachanga, mimi mwenyewe sijui la kuuliza. Wanaojua wapo mitaani.

Faida ya kuwashirikisha imeshaonekana. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa Uganda. Akiwa gereza la Luzira aliongoza shauri la wafungwa zaidi ya 400, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua inakiuka Katiba. Alisoma sheria humohumo gerezani kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, akaachiwa 2016. Hapa kwetu, mwanasheria wa haki za binadamu Tito Magoti alikamatwa Desemba 2019 na kukaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja. Baada ya kutoka, yeye na John Tulla walikwenda Mahakama Kuu, ambayo Desemba 2022 ilitamka kuwa kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichowanyima kura waliohukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi sita ni kinyume cha Katiba. Kifungu kile kilikuwepo miaka mingi, mawakili wakikipita.

Najua wapo watakaouliza mwizi atatufundisha nini, na walioibiwa je? Walioibiwa nao waitwe, hilo silipingi. Ila mahabusu wengi hawajahukumiwa kwa lolote, na hata aliyehukumiwa kwa haki bado anajua jinsi gereza linavyoendeshwa usiku.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ushirikishwaji wa semina. Anatafutwa mmoja mwenye maneno matamu, anasimulia mateso yake, watu wanafuta machozi, anapewa nauli na posho, kisha ripoti inaandikwa na wengine. Msimulizi huyohuyo ataitwa tena mwakani. Anayefanya kazi ya utafiti alipwe kama mtafiti, na ahusishwe kabla dodoso halijachapwa. Taasisi ziache pia kudai cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai kwa kazi ambayo sifa yake kuu ni kuwa uliwahi kufungwa! Na mwenye kesi inayoendelea, au aliyetoka kwa parole, yaani aliyeachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, aelezwe mapema anachoweza kukisema bila kujiponza.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka kisheria ya kutembelea magereza, kwa hiyo haihitaji kusubiri sheria mpya. Katika ukaguzi wake ujao ichukue angalau wawili waliowahi kufungwa, mmoja awe mwanamke, wayapitie maswali kabla ya safari na rasimu ya ripoti kabla haijatoka. Wakikosekana wa kuchukua Mwanza, mimi nina majina.

Msaidizi wa kisheria,
Ilemela, Mwanza