Mwanangu, kuhusu lile gemu uliloniomba

Mwanangu,

Najua umenuna. Mi sikusema hapana, nilisema subiri, na siku hizi zote nimekuwa nalicheza mwenyewe ukishalala, nikasoma na malalamiko ya wazazi wengine, sasa nimeona nikuandikie maana tukianza kwa mdomo tu utasema "lakini mama wenzangu wote wanacheza" na maongezi yanaishia hapo hapo.

Umri ulioandikwa nimeuangalia. Ulaya wana PEGI, mfumo wa kupanga gemu lipi ni la umri gani, tangu 2003, inatumia namba 3, 7, 12, 16 na 18, Marekani wana wa kwao, ESRB, tangu 1994, wao ni herufi, E ya kila mtu, T kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Grand Theft Auto V ni 18 na hiyo hatuijadili hata kidogo, hata kama kaka yake rafiki yako analo. Ila hiyo namba kazi yake kubwa ni kukwambia mambo ya damu, matusi, vitisho na kadhalika, haikwambii kama gemu litakufaa. Chukua magemu ya mpira ya FIFA, yalipewa PEGI 3, yaani hata katoto kadogo ruksa, na humo humo kuna pakiti za wachezaji unanunua kwa hela halisi bila kujua utampata nani. Ubelgiji 2018 wakasema hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni inayoyatengeneza, ikaacha kuwauzia watu wa kule zile pointi za kununulia pakiti. Namba ilibaki 3 mwanangu.

Kwa hiyo mi naangalia gemu linataka nini kwako. Hili lako kabla sijajua hata kuruka likanifungulia duka, kuna koti linang'aa, juu yake saa inahesabu kurudi nyuma kama vile dunia inaisha, na bei imeandikwa kwa almasi, ndo hela ya humo ndani ya gemu. Almasi zinauzwa kwa mafungu, fungu dogo halitoshi koti, fungu kubwa linatosha afu linabakiza almasi chache ambazo hazinunui kitu chochote, kwa hiyo unabaki na hamu ya kuongeza tena. Hilo limenikera sana maana mtu mzima alikaa akalipangilia akijua kabisa wanaocheza ni watoto. Afu ukikosa kuingia siku moja zawadi zako zinaanza upya. Kwa nini gemu likuadhibu eti kwa sababu ulikuwa unalala au unasoma?

Sisemi magemu ni mabaya, usinielewe vibaya. Nilikuona kwenye Minecraft, lile gemu la kujenga kwa vitalu, ukitengeneza ule mlango wa kufunguka wenyewe, ukakataa kufunguka, nikadhani utalia au utazima, we ukafuata ule mstari wa redstone, ile inayopitisha nguvu kama waya wa umeme, kitalu kwa kitalu mpaka ukagundua nguvu yake haivuki vitalu 15, ukaweka kile kifaa cha kuipa nguvu tena na mlango ukafunguka. Hakuna aliyekuelekeza! Gemu la hivyo hata ukikaa nalo Jumamosi nzima mi roho yangu nyeupe, maana ukiitwa kula unaliacha na ukirudi unakuta mlango wako palepale.

Kingine ni maongezi na watu tusiowajua. 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kule Marekani, na moja ya mambo waliyoshtakiwa ni kwamba maongezi ya sauti na ya kuandika yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo hata kwa watoto, lingine ni vitufe vilivyofanya watu watozwe hela kwa vitu ambavyo hawakukusudia kununua. Yaani gemu lenyewe linaweza kuwa zuri kabisa ila lilivyosetiwa ndo tatizo.

Basi ruhusa nakupa, maana ile sehemu ya kupanga timu na kugawana kazi nimeipenda kweli, inahitaji akili na uvumilivu. Ila maiki inazimwa, marafiki ni wale unaowajua kwa sura tu, kadi yangu haiunganishwi humo kabisa na lile koti lisahau. Tukianza kuona umeacha kucheza nje, au nikikuita unaniambia "dakika moja" mpaka usiku, tutalipumzisha na tutaongea kwanza, sitakunyang'anya simu kimya kimya.

Ukimaliza kusoma njoo na simu tufungue akaunti pamoja. Mwaka wa kuzaliwa utaandika wa kwako wa kweli, maana wakijua we mtoto ndo wanakuwekea ulinzi wa watoto, ukidanganya unawekwa na watu wazima.

Mama