Ndege imetua, mimi bado

Chicago, Novemba

Wapendwa Baba na Mama,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima. Ile sweta aliyonifumia nyanya yangu Cucu naivaa chini ya sare ya urubani, ingawa rangi yake haimo kwenye sheria za kampuni, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuniambia niivue.

Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu ya simu ya Jumanne. Mama, najua Kevo alikuwekea ile programu ya kufuatilia ndege, na siku hizi mnakunywa chai mkitazama kindege cha manjano kikitambaa juu ya ramani ya Marekani. Jumanne kikaandika kimetua: saa moja na dakika ishirini asubuhi huko Embakasi, kwenu tayari Jumatano, huku ikiwa bado Jumanne, saa nne na dakika ishirini usiku. Mimi nikapiga simu saa tatu na dakika kumi, saa zenu. Hukuniuliza habari yangu. Uliniuliza, "Muda huo wote ulikuwa wapi, na nani?" Hilo "na nani" ndilo lililonikosesha usingizi.

Basi acha nikueleze nilikuwa wapi. Baba naye akae karibu, maana mengi atayatambua kabla sijayamaliza.

Programu ya Kevo husema ndege imetua pale magurudumu yanapogusa lami. Kutoka hapo tuna safari nyingine ya kwenda getini. Usiku ule tulikuwa Des Moines, mji wa jimbo la Iowa ambako tungelala, na uwanja wake ni mdogo, kwa hiyo dakika saba zilitosha. Hapa O'Hare, uwanja wa Chicago, ni hadithi nyingine. Nyinyi mmezoea uwanja wetu wa Nairobi, JKIA, wenye njia moja ya kurukia. O'Hare ina nane, na kuna siku nimetembeza ndege ardhini nusu saa nzima nikidhani tutatokea mji mwingine.

Tulipofika getini kapteni akavuta breki, mlango ukafunguliwa, na papo hapo saa ya mshahara ikasimama. Rubani wa huku halipwi kwa siku wala kwa mwezi kama mwalimu. Analipwa kwa saa ya ndege. Saa hiyo inaanza mlango ukishafungwa na breki ikaachiliwa, na inakoma breki ikivutwa mwisho wa safari. Mjomba hajui hivyo. Alisikia kiwango changu cha saa moja, akakizidisha mara nane, akakizidisha tena mara siku thelathini, kisha akanipigia kuhusu ploti ya Juja.

Kinachonichekesha ni hiki: tukitua tukakosa geti, tukakaa kwenye lami tukitazamana na kapteni, muda huo nalipwa. Tukishafika getini ndipo kazi inapoanza, na malipo hayapo.

Usiku ule abiria wawili walihitaji viti vya magurudumu, na kiti kilichokuja kilikuwa kimoja. Bibi mmoja wa umri wa Cucu akabaki ameketi safu ya nne na mkoba mapajani. Mhudumu wetu haruhusiwi kushuka akamwacha peke yake, nasi hatukuona vizuri kuwaacha wote wawili. Wahudumu wanaumia kutuzidi. Mashirika mengi ya huku hayakuwa yakiwalipa hata ule muda wa kupakia abiria, hadi Delta ilipoanza mwaka 2022, tena kwa nusu ya kiwango. Bibi akanipa peremende mbili. Hayo yalikuwa malipo yangu ya dakika zile.

Abiria walipokwisha nikachukua tochi nikashuka kuizunguka ndege. Unakagua magurudumu, unatazama kama kuna mafuta yanayovuja, unapitisha mwanga kwenye mdomo wa injini. Upepo wa Iowa haukati kona, unakuja moja kwa moja. Nilipofika kwenye pua ya ndege nikaona doa la damu na unyoya mmoja umenata. Ndege yetu ilikuwa imemgonga ndege. Nilicheka peke yangu pale gizani, maana katika uwanja mzima wa Des Moines hapakuwa na mtu wa kumwambia sentensi hiyo akaelewa utamu wake.

Lakini unyoya haupuuzwi. Januari 2009 bata bukini walizima injini zote mbili za ndege iliyokuwa imetoka tu kuruka New York, ikatua juu ya mto Hudson. Watu wote 155 walipona, lakini hakuna rubani wa huku asiyewakumbuka bata wale. Kwa hiyo nikampigia kapteni picha, akaandika kwenye kitabu cha ndege, tukapigia simu makao ya mafundi. Muziki ukatuburudisha dakika kumi na mbili. Akapokea mtu, akauliza namba ya ndege, akaturudisha kwenye muziki. Ilibidi atafutwe fundi wa pale mjini, na mpaka atie sahihi, ndege ile haikuwa na ruhusa ya kuruka asubuhi. Wakati huohuo mfumo wa maji ulihitaji kumwagwa usigande usiku, na jenereta ndogo ya mkiani kuzimwa. Tukafunga.

Nje, gari la hoteli halikuwepo. Dereva alikuja kwa wakati, akatungoja, akachoka, akaenda zake. Simlaumu, nilimwuliza baadaye, naye pia halipwi kwa kungoja. Hotelini karani alikuwa anahangaika na kompyuta iliyoganda. Nikapata ufunguo, nikavua viatu, nikakupigia, ukaniuliza nilikuwa na nani.

Nilikuwa na unyoya, Mama.

Baba, sasa nakuja kwako. Ulipokuwa ukiendesha matatu ya namba 33, abiria wa mwisho alikuwa anashuka kama saa nne usiku. Lakini nyumbani uliingia karibu na saa sita. Nilikuwa nimejilaza kwenye kiti nikijifanya nimelala usingizi, nakusikia ukivua viatu mlangoni. Sikuelewa hadi siku ile ya likizo uliponichukua nikazunguka nawe kutwa. Tripu ya mwisho ikaisha, nikadhani tunaenda nyumbani. Kwanza tukaenda kujaza mafuta, maana wa asubuhi asikute tangi tupu. Makanga akafagia maganda ya njugu akaosha gari. Ukapitia kwa fundi kwa sababu ya mlio wa gurudumu la nyuma, naye akakuambia urudi kesho, nawe ukakataa kuondoka. Kisha tukampelekea mwenye gari hesabu yake, akazihesabu noti mara mbili mbele yako kama kwamba hukumjua miaka sita. Mwisho ukalaza gari petroli stesheni, tukarudi kwa miguu. Nilikuuliza kama saa zile mbili zinalipwa. Ulicheka tu.

Na Mama, ile sufuria uliyofunika chakula cha Baba kwa sahani na kuifungia kwenye taulo? Swali lako la Jumanne ulimwuliza yeye kwanza, zaidi ya mara moja. Nilikuwa pale kwenye kiti, nasikia.

Sitaki mdhani nalia njaa. Haki isemwe: tangu 2022 mashirika madogo ya huku yamepandisha mishahara ya marubani sana kwa kukosa watu, na kapteni wangu anasema alipoanza yeye alikuwa akiuza damu. Sijui kama ni mzaha, ni mtu wa mizaha. Nina saa za kulipwa za uhakika kila mwezi hata nisiporuka, na posho ya chakula inayohesabiwa muda wote nikiwa nje ya kituo, dola mbili na senti kadhaa kwa saa. Wapo wanaosema kiwango cha saa ya ndege kiliwekwa kikubwa makusudi, kazi ya ardhini iwe imo humo ndani. Huenda. Ila ukijumlisha Jumanne yangu, niliripoti saa saba na robo mchana, nikaachiliwa saa tano na nusu usiku. Saa kumi na robo. Zilizolipwa kama saa za ndege zilikuwa tano na dakika kumi. Nusu ya siku ilikwenda na muziki wa simu.

Tena kinachoniuma zaidi ya pesa ni usingizi. Baba, hapa usimsomee Mama kwa sauti. Februari 2009, mwezi mmoja tu baada ya ile ya mtoni, ndege ya shirika dogo ilianguka karibu na Buffalo na watu 50 wakafa. Rubani msaidizi, aliyekuwa na kazi kama yangu hii, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini. Baada ya ajali hiyo ndipo serikali ilipoandika kanuni mpya, zikaanza Januari 2014: lazima tupewe mapumziko ya saa 10, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Marubani wa mizigo waliachwa nje, utadhani katoni hazianguki. Ni kanuni nzuri, nami naishukuru. Lakini zile saa 10 zinaanza kuhesabiwa ukiachiliwa kazini, si ukiingia kitandani. Gari lisilokuja, karani na kompyuta yake, simu kwa mama anayetaka jina la niliyekuwa naye, vyote vinakula humohumo.

Mtauliza kwa nini hatugomi kama marubani wa nyumbani walivyogoma Novemba 2022, abiria wakalala JKIA. Nakumbuka Baba ulivyofoka mbele ya televisheni: "Watu wa mamilioni wanagomea nini?" Huku kuna sheria ya reli ya mwaka 1926 iliyoongezewa ndege mwaka 1936, na chini yake huwezi kugoma hadi bodi ya upatanishi ikuachilie, kisha ungoje siku 30 nyingine. Mazungumzo huchukua miaka. Kwa hiyo tunanung'unika, tunazunguka ndege na tochi.

Kuhusu Shiru. Shangazi ameniandikia kwamba anataka kuuza ng'ombe na kile kipande cha ardhi ili amlipie shule ya urubani pale uwanja mdogo wa Wilson. Sitasema asisome. Nilipokuwa Wilson nikirusha ndege ndogo ya Caravan kwenda Mara, nilikuwa rubani, mbeba mizigo, na mfukuza pundamilia kwenye kiwanja cha nyasi, na sijawahi kufurahi kazini namna ile. Ila aambiwe kwamba hayo mamilioni ni ya kupata leseni tu. Huku walitaka saa 1,500 angani kabla ya kunikalisha kwenye ndege ya abiria, nazo nilizikusanya moja moja. Na kabla ya ng'ombe wa kwanza kuuzwa, aje akae nanyi wiki moja, aamke saa kumi na moja alfajiri, atazame hicho kindege cha manjano, kisha ahesabu mwenyewe dakika kati ya kutua na simu yangu. Akiona bado anataka, anipigie. Nitamchangia.

Kevo asiifute programu. Mwambie tu aache kukuonyesha lile neno "imetua", maana halinihusu mimi, linahusu magurudumu. Nikishaingia chumbani na viatu viko miguuni bado, kabla ya kupiga simu, nitatuma ujumbe mfupi kwenye simu ya Baba. Nitaandika "nimelaza gari." Baba atakueleza maana yake, na unaweza kuendelea na chai.

Msalimieni Cucu mkienda Murang'a, mwambieni sweta imeng'oka uzi kwenye kiwiko cha kushoto na simruhusu mtu mwingine aishone.

Ni mimi mwana wenu,

Ndung'u